Chungu cha Mchwa cha Bibi Yangu

Mwezi uliopita nilirudi Mgori, na kilichonipokea kwanza hakikuwa mtu. Kilikuwa chungu. Kililala kifudifudi kwenye majani, nyuma ya mahali ilipokuwa nyumba ya Bibi, kimepasuka mdomoni upande mmoja na tako lake bado jeusi kwa moshi wa miaka mingi. Nyumba yenyewe haipo. Ilikuwa tembe, nyumba ya udongo yenye paa la udongo, na nyumba za namna hiyo zikikosa mtu wa kuzisiriba hurudi chini taratibu mpaka zinakuwa kichuguu tu chenye mitunguja juu yake. Lakini chungu kilikuwapo. Nilikigeuza nikakinusa. Usinicheke, rafiki yangu. Ndani yake bado kulikuwa na ile harufu ya samadi kavu na udongo uliolowa, nami nikakaa chini palepale na mzigo wangu kichwani, nikasahau kuutua.

Naandika polepole, maana shule yangu iliishia darasa la nne, na hata mdomoni sikuwahi kuwa mwepesi. Lakini habari za chungu hiki nataka niziandike mwenyewe.

Nililelewa na Bibi kwa sababu Baba alikuwa na kazi ya reli huko Manyoni, na Mama alikuwa naye. Mimi niliachwa Mgori nimsaidie Bibi na nisome shule ya misheni. Tulikuwa wawili tu. Babu alikuwa amekwisha kufa, na Bibi alipenda kuniita mke mwenza, kwa ule utani wa bibi na mjukuu. "Mke mwenzangu, amka, mume wetu ametuachia kazi," angesema alfajiri, nami najua mume wetu yuko kaburini mbele ya zizi tupu. Zizi lilikuwa tupu kweli. Ng'ombe wote walikwisha zamani. Bibi hakuwa na ng'ombe, wala mbuzi, wala punda. Alikuwa na kuku.

Kuku wa Bibi hawakuwa kuku wa kuokota. Alipoolewa, alitoka kwao na tenga moja kichwani, na ndani ya tenga tetea mwekundu na jogoo wake. Kuku wote waliopata kutembea kwenye ua ule walikuwa wajukuu na vitukuu vya wale wawili: wekundu, warefu wa miguu, wagumu kama majabali ya kwetu. Ukimsifu kuku wake, Bibi hakusema ahsante. Alisema, "Huyo ni wa kwetu," kama anayemtaja ndugu yake.

Mwaka ninaousimulia mvua ilikuwa imetupita. Uwele ulitoka masuke mafupi kama kidole changu, mtama ukaungua. Jumbe alipita nyumba hadi nyumba kuhimiza watu wapande mihogo, kama ilivyoagizwa kutoka boma, lakini mihogo hailiwi leo ikiwa imepandwa jana. Kisha, kipupwe kilipoanza, ule upepo wetu wa Singida unaokutia mchanga mpaka kwenye ugali, ukaja na kideri. Kuku walianza kusimama wakiwa wamejikunja, macho wamefumba, na kuanguka mmoja mmoja. Ndani ya siku chache ua ulinyamaza. Hujui kelele za kuku ni kubwa kiasi gani mpaka zitakapokoma. Alibaki tetea mmoja mwekundu, aliyekuwa akiatamia ndani, nyuma ya jiwe la kusagia, na hakutoka nje siku zile zote za ugonjwa. Alipototoa tulihesabu vifaranga tisa.

Bibi alivitazama muda mrefu. "Basi," alisema, "ndugu zangu wote wamebaki hao."

Sasa fikiri: utavilisha nini vifaranga tisa katika mwaka wa njaa? Sisi wenyewe tulikula mara moja kwa siku, ugali mwembamba wa uwele uliochanganywa na mihogo mikavu, na mlenda wa majani makavu yaliyotwangwa. Bibi aliupika mlenda ule ukateleza kooni bila kuuliza chumvi iko wapi. Pumba hatukumwaga, tulizila. Nafaka nyingine nyumbani ilikuwa moja tu, nayo haikuguswa: mbegu ya uwele, iliyokaa kwenye lindo dogo, lile pipa la gome la mti, kifuniko chake kimezibwa kwa kinyesi cha ng'ombe. Lindo lilisimama juu ya mawe matatu chumba cha ndani, limeegemea ukuta wa nyuma. Bibi alilipigapiga kila jioni kwa kiganja kama mtu anayemtuliza mtoto. Watu wengi mwaka ule walikula mbegu zao. Yeye alikataa. "Njaa ya mwaka huu naijua sura yake," alisema. "Ya mwakani sitaki kuonana nayo."

Kwa hiyo vifaranga walilishwa mchwa.

Nitakueleza ilivyofanyika, maana sasa wanaojua ni wachache. Unachukua chungu kisichofaa tena kupikia. Unakijaza mabua ya mtama yaliyopondwa, samadi kavu ya ng'ombe, na majani makavu kidogo, unashindilia lakini si sana. Unanyunyizia maji. Sisi tulitumia maji yaliyokwisha kuosha vyombo, maana kisima kilikuwa mbali na maji safi yalikuwa ya kunywa. Kisha unakwenda kwenye kichuguu, unachimba kidogo kwa ncha ya jembe mpaka uone njia za mchwa zimefunguka, unakifudikiza chungu pale juu, unakizungushia udongo, na kukifunika matawi. "Funika vizuri, jua lisiwaone," Bibi alisisitiza, "hawa ni wageni wetu." Unakwenda zako. Alfajiri ya pili yake unarudi, unatega sikio. Chungu kikiwa kimejaa kinatoa sauti, kama majani makavu yanayonyeshewa manyunyu. Unakiinua upesi, unakigeuza, unakimbia nacho nyumbani.

Ukikikung'uta uani, tetea anaita kwa sauti yake ya haraka, vifaranga wanakuja wakijikwaa. Hapo Bibi angechuchumaa na ungo wake. Wale mchwa wenye vichwa vikubwa na meno aliwatenga, akampa tetea, kwa sababu alisema wanaweza kumng'ata kifaranga kooni. Weupe laini waliachiwa vifaranga. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa kazi, lakini viliwachambua mchwa kama vinavyochambua mchele. Wala hakurudia shimo moja siku mbili mfululizo. "Mwache mama yao apumzike naye, ana watoto," alisema. Nilikuwa nikimtazama nikifikiri kwamba hakuna kitu duniani ambacho Bibi hakujua kukifuga.

Jirani yetu, mzee mmoja aliyekuwa binamu ya Babu, alikaa ng'ambo ya jabali na alikuwa na ng'ombe weusi wengi. Alimwita Bibi shemeji na hakupita bila kumchokoza.

"Shemeji! Ng'ombe wako wamerudi malishoni?"

"Wamerudi, shemeji. Na leo wamezaa mia."

"Unikaribishe maziwa basi."

"Lete kata yako. Ila ukamue mwenyewe, wanauma."

Walicheka wote wawili, naye akapita. Mimi nilijificha nyuma ya mlango. Nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya milango. Kuamkia wakubwa nilikuwa naamkia, shikamoo yangu ilitoka, lakini ndogo, na aliyeitikia marahaba mara nyingi alikuwa hajaisikia. Nilipotembea njiani niliangalia miguu yangu na kuhesabu hatua, ili nisikutane na macho ya mtu. Ndiyo maana mpaka leo najua hatua za njia zote za Mgori. Kutoka ukuta wa nyumba yetu mpaka kichuguu cha Bibi, kile kilicho kando ya njia ya shule, zilikuwa sitini.

Kazi ya chungu Bibi aliniachia mimi mgongo wake ulipoanza kumsumbua. Niliifanya kwa fahari, mpaka ile siku ya shuleni.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema, mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikasimama na chaki nyuma ya sikio. Siku hiyo alitufundisha wanyama wafugwao. Akauliza kila mmoja asimame aseme nyumbani kwao wanafuga nini. Ng'ombe, akasema wa kwanza. Ng'ombe na kondoo. Mbuzi. Punda wawili. Zamu ilikuwa inanijia kama maji ya mafuriko. Nilitaka kusema kuku, lakini nikafikiri: kuku wetu wamekufa, aliyebaki ni mmoja, na watoto wanajua, watasema naongopa. Halafu nikafikiri tena: ni nani hasa tunayemlisha kila siku, tunayemnywesha, tunayemfunika jua lisimpate? Nikasimama.

"Mchwa," nikasema.

Mwalimu akainama kidogo. "Sema kwa sauti, mama."

"Tunafuga mchwa."

Watoto wote wakageuka kunitazama. Kisha kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Mnawakamua saa ngapi?" Darasa likapasuka. Mwalimu alijitahidi, nakumbuka alivyougeukia ubao, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Tangu hapo sikuwa na jina jingine. "Mama Mchwa! Wamelala zizini? Mama Mchwa, nikopeshe dume la mbegu!" Na kichuguu, kama nilivyokwambia, kilikuwa kando ya njia ya shule. Kila alfajiri nilipokwenda kuinua chungu, kulikuwa na watoto wanaopita.

Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne niliona nyuma ya nyumba, chini ya ukuta, pale Bibi alipozoea kumwaga maji ya vyombo, pana kitundu na mchwa wakitoka. Niliona kama nimeletewa. Nikachimba kidogo, nikafudikiza chungu palepale, nikakifunika kwa mabua yaliyokuwa yameegeshwa ukutani. Hakuna njia, hakuna watoto, hakuna mtu. Asubuhi kilikuwa kimejaa kuliko siku zote.

"Leo umeleta kundi zima, mke mwenzangu," Bibi alisema. "Umetega wapi?"

"Kulekule," nikasema, nikiangalia chini.

Bibi hakuwahi kunieleza kwa nini yeye alitembea mpaka kichuguu cha mbali na mgongo wake ule, na mimi sikuwahi kuuliza. Alikuwa na desturi nyingi ambazo hakuzieleza, kama vile kumwaga majivu kuzunguka miguu ya kuta kila mwezi ulipoandama. Nilidhani ni usafi. Na majivu yale ya nyuma ya nyumba, mimi ndiye niliyeyafagia pembeni, ili mchwa waje vizuri.

Kwa muda wa miezi miwili na zaidi tulikuwa na furaha. Vifaranga walikua ukiwatazama. Mmoja alichukuliwa na mwewe, wanane wakabaki, wakaota manyoya mekundu, wakarefuka miguu. Jogoo mchanga mmoja alianza kujaribu sauti yake, akawika kama mlango unaokwaruza, Bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kaniki. "Sikiliza, anaita kwetu." Watu walianza kupita kutazama. Katika kijiji kizima kuku walikuwa wa kuhesabika, na waliokuwapo walikuwa wamekonda, lakini wetu waling'aa. Yule jirani alisimama kwenye lango siku moja, akawatazama bila kutania. Kisha akasema tu, "Mchwa, eeh?" akaenda zake.

Ngurumo ya kwanza ilisikika upande wa msitu jioni moja, na harufu ya vumbi lililolowa ikatufikia kabla ya mvua. Bibi aliinuka akaingia ndani. Nilimsikia akibandua kinyesi kikavu kwenye kifuniko cha lindo. Kisha sikusikia kitu.

Nilipoingia, alikuwa ameinamia lindo, mkono mmoja ndani mpaka begani. Aliutoa. Kiganjani mwake kulikuwa na udongo. Udongo mzuri, laini, wenye vijia vidogo, na mchwa mmoja mweupe akihangaika kwenye mwanga. Alilisukuma lindo, likapasuka kama maganda ya karanga. Upande wa ukutani gome lilikuwa limebaki unene wa karatasi. Ndani, penye mbegu ya uwele aliyoilinda tukiwa tunalala na njaa, kulikuwa na kichuguu.

Hakupiga kelele. Alichukua ungo, akaketi mlangoni, akaanza kupepeta ule udongo kidogo kidogo, akitafuta punje. Mvua ilikuwa inaanza, matone makubwa ya mwanzo yanayotoboa vumbi, mvua tuliyoingoja mwaka mzima, na sisi hatuna cha kuipa. Alipomaliza alikuwa na punje zisizojaza hata kiganja cha mtoto.

"Chungu ulikuwa unakitega wapi?" aliuliza bila kuniangalia.

Nilimshika mkono, nikampeleka nyuma ya nyumba katika mvua ile, nikamwonyesha.

Alikitazama chungu, akautazama ukuta, akayatazama majivu yaliyofagiliwa. Nilingoja fimbo, na nilitaka inipate upesi. Yeye akauliza, "Ulimwonea haya nani?"

Nikamweleza yote, ng'ombe na mbuzi na punda wawili, na dume la mbegu. Nililia nikashindwa kumaliza. Alinirudisha ndani, akanifunga nguo kavu.

"Nilipoletwa hapa," alisema, "niliondoka nyumbani alfajiri na chungu kichwani, nikakifukia porini, nikakifunika majani. Mtu mmoja akaniona. Unajua walisema nini? Walisema babu yako ameoa mchawi, anazika dawa. Mama mkwe wangu alikataa kula nilichopika kwa muda wa mwezi mzima. Nami kila alfajiri nilipita katikati ya kijiji na chungu changu kichwani, na kila niliyekutana naye nilimwamkia, mpaka wakachoka kuniogopa." Alilikaza fundo la nguo yangu. "Wewe umeitwa Mama Mchwa tu, tena na watoto wenye kamasi."

Kisha akasema neno lililonitisha kuliko fimbo. Mbegu ilibaki kwa mtu mmoja tu katika majirani wote, yule mzee wa ng'ombe weusi. Kesho asubuhi angepelekewa kuku mmoja, aombwe kibuyu cha mbegu. "Na utakwenda wewe," alisema. "Mdomo uliokaa kimya ndio ulioila mbegu. Utakwenda useme."

Jabali lile ni kubwa, na hatua za kulizunguka ni mia mbili na kumi na nne. Nilizihesabu nikiwa na kuku jike mzuri kuliko wote kwapani, moyo wake ukipiga juu ya wangu. Mzee alikuwa uani anakaza kamba za jembe, na mke wa mwanawe, msichana aliyeolewa mwaka uleule, alikuwa anatwanga. Kando yake kulikuwa na tenga, na ndani yake vifaranga watatu waliosinyaa, vichwa chini.

"Shikamoo, Babu."

"Nani huyo? Sema, sisikii na kinu."

"Shikamoo, Babu!" Nadhani ilikuwa sauti kubwa ya kwanza maishani mwangu. Hata kuku alishtuka.

"Marahaba, marahaba. Kumbe una koo! Haya, shemeji yangu amekutuma nini?"

Nikasema. Nilisema kila kitu, hata yale ambayo sikutumwa: kwamba si Bibi aliyekosea, ni mimi, kwamba nilifagia majivu, kwamba mbegu yote imekuwa udongo na mvua imekwisha kuanza, na kwamba huyu kuku ni wa ukoo wa Bibi, hajawahi kumtoa nje ya ua wake, na anaomba kibuyu kimoja cha mbegu ya uwele. Mchi ulikuwa umesimama. Mzee aliacha kamba zake.

Alimchukua kuku, akampima uzito mkononi, akampuliza manyoya ya kifuani kuona nyama. "Mzito," alisema. "Mwaka wa njaa, mzito hivi." Akanirudishia.

Nilidhani amekataa. Machozi yalikwisha kufika.

"Acha kulia, sijakunyima. Kuku huyu nikimpokea, mlafi mimi nitamla kesho, na keshokutwa nina nini? Mwone mkwe wangu. Vifaranga wake walikuwa kumi, leo watatu. Nataka chungu. Mrudishie Bibi yako kuku wake, chukua mbegu, na kesho alfajiri uje umfundishe huyu."

"Mimi?"

"Kwani wewe siye mwenye mchwa? Mwalimu wenu alinisimulia. Nilicheka, sikufichi. Lakini nikaja kuangalia, nikaona aliyekuwa anachekwa ana kuku, na anayecheka hana."

Basi kesho yake nilikwenda. Na kichuguu cha kufundishia kilikuwa kipi? Kilekile, kando ya njia ya shule. Nikachimba, nikashindilia mabua, nikanyunyizia maji, nikieleza, na watoto wanapita. "Mama Mchwa!" mmoja akaita. Yule mke mchanga akajishika kiuno akamjibu, "Tena useme Mama Mchwa wawili, mwenye pua chafu wewe!" Tukacheka mpaka chungu kikaniponyoka. Ndipo kilipopasuka mdomo, mahali pale nilipokuonyesha mwanzo.

Aliniuliza maswali mengi, na moja lilinishinda. "Sasa tutege umbali gani na nyumba, tusije tukaliwa mbegu kama ninyi?" Bibi hakuwa karibu. Sikujua kama kuna kipimo. Nilichokuwa nacho ni hesabu zangu za haya.

"Hatua sitini," nikasema kwa sauti ya mtu anayejua.

Tulipanda siku ileile. Mvua iliendelea, na uwele ulipochomoza, mistari ya kijani katika udongo mwekundu, Bibi aliniita tukasimama kandokando ya shamba tukiitazama. Mwaka ule tulivuna. Kibuyu cha mzee kilirudishwa kimejaa, pamoja na jogoo mwekundu ambaye safari hii Bibi alimtoa mwenyewe kwa mkono wake. "Sasa atakuwa na ndugu ng'ambo ya jabali," alisema.

Nimeolewa Mkiwa sasa, penye njia panda, ambako malori hupita na watu hununua pumba kwa mwenye mashine wakawamwagia kuku. Bibi alifariki nikiwa huko, na nilichelewa kufika. Malindo siyaoni tena, watu wana magunia na madebe. Mzee wa ng'ombe weusi naye hayupo. Nilikaa pale majanini na chungu mapajani, nikifikiri kwamba vidole vile vilivyopinda vikiwachambua mchwa kwenye ungo hakuna aliyebaki kuvikumbuka ila mimi, na mimi ni mtu nisiyejua kusimulia.

Ndipo nikasikia hatua. Binti mdogo, wa miaka sita au saba, alikuwa anakuja kutoka upande wa jabali na chungu kichwani, midomo yake ikichezacheza. Nyuma yake walimfuata kuku wawili wekundu, warefu wa miguu. Nilimtambua kwa uso wa mama yake, yule mke wa mwana wa mzee. Alisimama, akaniamkia vizuri, kisha akakitazama chungu changu.

"Usikitege hapo, mama," alisema. "Hapo palikuwa nyumba ya mtu. Kinategwa hatua sitini."

"Kwa nini sitini?"

Alifikiri. "Ndivyo kilivyo. Bibi wa zamani alipima."

Nikainua mguu, nikapiga hatua moja ndefu. "Hivi?"

"Siyo hivyo!" Alicheka, akatikisa kichwa na chungu juu yake bila kukishika. "Hatua za mtoto. Za mkubwa zinapita kichuguu. Njoo nikuonyeshe."

Akatangulia, akihesabu kwa sauti, njia nzima ikimsikia. Nikautua mzigo wangu, nikajitwika chungu changu kilichopasuka, nikamfuata nyuma, nikifupisha hatua zangu zilingane na zake.